Chumba cha Matrix kisichokufungia nje: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Simu mpya, neno la siri sahihi, akaunti imefunguka, orodha ya vyumba vyote ipo. Unagusa chumba cha kikundi chenu na kukuta mstari juu ya mstari wa ujumbe usiosomeka. Majina ya waliotuma unayaona, saa unaziona, lakini maneno yenyewe hakuna. Unaambiwa tu kwamba ujumbe haukuweza kufunguliwa.

Hili ndilo swali linalonirudia kuliko yote tangu nianze kusaidia vikundi kuhamia Matrix, na karibu kila mara chanzo ni kile kile. Watu hufungua chumba kwanza, wakaalikana, wakapiga soga miezi mitatu, ndipo siku moja wakasikia kwamba kumbe kulikuwa na ufunguo. Mwongozo huu umegeuza mpangilio: ufunguo unatangulia, chumba kinafuata. Tafadhali usiruke hatua ya 3 hata kama una haraka. Hasa kama una haraka.

Kwa asiyeifahamu: Matrix si kampuni wala programu moja. Ni utaratibu wa mawasiliano ulio wazi, na seva nyingi zinazomilikiwa na watu tofauti hupelekeana ujumbe kama seva za barua pepe zinavyofanya. Hakuna ofisi kuu ya kwenda kulia shida. Uhuru huo ndio unaowavutia watu, na ndio huo huo unaowaangusha, kwa sababu walizoea kundi la WhatsApp ambako namba ya simu inatosha kukurudisha ndani.

## Andaa haya kwanza

- Simu yenye nafasi ya programu moja. Natumia Element X katika mwongozo huu. FluffyChat na Cinny nazo ni nzuri, ila vitufe vyake vimekaa tofauti.
- Kifaa cha pili kilicho chako: kompyuta yenye kivinjari, au simu ya zamani iliyopasuka kioo lakini bado inawaka. Kompyuta ya kibandani kwa watu haifai.
- Anwani ya barua pepe unayoifungua kweli, si ile uliyoitengeneza mwaka juzi ukaisahau.
- Daftari na kalamu. Sitanii.
- Mtu mmoja wa kikundi chenu unayemwamini, atakayekuwa mwangalizi mwenzako. Mwambie naye afanye hatua 1 hadi 4 kabla hamjafungua chumba.

Kama simu yako iko kwa Kiingereza, maneno matatu ya kuyakariri ni "Settings", "Encryption" na "Recovery key". La kwanza ni mipangilio, la pili ni usimbaji fiche (kuufunga ujumbe ili wausome wahusika tu), la tatu ni ufunguo wa kurejesha. Mengine utayaotea.

## Hatua ya 1: Chagua seva

Wengi hujikuta kwenye matrix.org kwa sababu programu huwapeleka huko moja kwa moja. Si kosa. Lakini elewa unachochagua: jina la seva linakuwa sehemu ya anwani yako, na huwezi kulibadilisha baadaye. Ukihama seva unafungua akaunti mpya na kualikwa upya kila chumba.

Mwenye seva hawezi kusoma ujumbe uliosimbwa, ila anaona mengine: uko vyumba gani, umeandika saa ngapi, jina la chumba na mada yake. Hata vikaragosi unavyobandika chini ya ujumbe wa mwenzako havisimbwi. Kwa hiyo usikiite chumba "Mgomo wa Ijumaa" ukadhani jina hilo limefichika.

Ushauri wangu kwa kikundi: msijazane seva moja. Septemba 2025 hifadhidata ya matrix.org ilipoharibika, watumiaji wake walikaa kimya huku wenye akaunti kwenye seva nyingine wakiendelea kuongea ndani ya vyumba vile vile. Nakala ya chumba hukaa kwenye kila seva yenye mwanachama, hivyo seva mbili tu zinatosha kukiweka chumba hai.

Umefaulu ukiwa na majina mawili ya seva, moja lako na moja la mwangalizi mwenzako.

## Hatua ya 2: Fungua akaunti

Jina la mtumiaji andika kwa herufi ndogo, fupi, lisilo na mwaka wako wa kuzaliwa. Nalo halibadiliki. Kinachobadilika muda wowote ni jina la kuonekana, kwa hiyo huko ndiko uandike "Mama Zuhura" ukipenda.

Anwani yako kamili itakuwa na sura hii: @jina:seva. Ikariri yote. Nusu ya malalamiko ya "namtafuta simpati" hutokana na watu kutaja kipande cha kwanza tu. Ni sawa na kumpa mtu Sanduku la Posta 114 bila kumwambia kama ni la Mwanza au la Tanga.

Weka barua pepe ikiulizwa. Itakusaidia siku ukisahau neno la siri.

Onyo: barua pepe hurudisha neno la siri tu, ujumbe hairudishi. Neno la siri hufungua mlango wa akaunti, ufunguo wa kurejesha hufungua sanduku lililo ndani. Ukiwa na la kwanza bila la pili, utaingia ndani ukasimama ukiliangalia sanduku.

## Hatua ya 3: Chukua ufunguo wa kurejesha, sasa hivi

Kabla hujamwandikia mtu yeyote neno lolote, gusa picha yako ya wasifu, ingia "Settings", kisha "Encryption". Hakikisha hifadhi ya funguo imewashwa (ndiyo nakala ya funguo za ujumbe wako, inayokaa kwenye seva ikiwa imefungwa), halafu omba ufunguo wa kurejesha, ambao ndio unaoifungua hifadhi hiyo.

Itatokea mistari ya herufi na tarakimu zilizochanganyika, makundi 12 ya herufi nne nne, ikianzia na Es. Uandike ufunguo wote daftarini kwa mkono. Herufi kubwa iandike kubwa, ndogo iandike ndogo, maana mashine inatofautisha.

Hapa ndipo watu wanapokwama miezi sita baadaye, wakisoma mwandiko wao wenyewe na kuuliza: hii ni sifuri au ni O? Jibu ni kwamba ufunguo huu hautumii kabisa tarakimu 0, wala O kubwa, wala I kubwa, wala l ndogo. Viliondolewa makusudi kwa sababu vinafanana. Kwa hiyo:

- Ukiona duara tupu, ni o ndogo.
- Ukiona kijiti kilichosimama bila nukta, ni tarakimu 1.

Andika kanuni hizo mbili chini ya ufunguo, ukurasa huo huo. Zimewaokoa watu wawili ninaowafahamu, na mmoja alikuwa ameshakata tamaa.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu mimi niliweka picha ya skrini. Ikakaa kwenye simu. Simu ikachomolewa mfukoni nikiwa nimesimama kwenye daladala, na ufunguo ukaenda pamoja na kufuli. Programu ya kutunzia maneno ya siri inafaa ikiwa unaifungua pia kwenye kifaa kingine. Kujitumia mwenyewe kwenye WhatsApp ni kuuacha ufunguo kwenye simu ile ile.

Na usidhani kwamba ukiwa mwangalifu na simu yako basi uko salama. Aprili 2019 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya matrix.org, na waendeshaji wakalazimika kuwatoa watumiaji wote kwenye akaunti zao. Hakuna aliyepoteza simu siku hiyo. Wenye nakala ya funguo zao waliingia tena wakaendelea, wasio nayo wakakuta ujumbe wao wa zamani uliosimbwa hausomeki.

Onyo: hakuna mtoa msaada yeyote atakayekuomba ufunguo huu. Anayeuomba, awe amejitambulisha kama msimamizi wa seva au kama mimi, mzuie.

Umefaulu ikiwa ufunguo wote uko daftarini na umeuhakiki herufi kwa herufi. Programu ikikutaka uuingize kuthibitisha, uchape kutoka daftarini (usiunakili kutoka skrini, ndiyo maana ya zoezi) hadi iukubali.

## Hatua ya 4: Unganisha kifaa cha pili

Ingia akaunti hiyo hiyo kwenye kompyuta au simu ya zamani. Programu itakutaka uthibitishe kwamba ni wewe. Una njia mbili: kuuingiza ufunguo wa kurejesha, au kutumia kifaa cha kwanza. Chagua ya pili, kwa sababu utaihitaji kuijua.

Vifaa vyote viwili vitaonyesha picha ndogo saba. Zikifanana na kupangwa sawasawa, kubali pande zote mbili. Zikitofautiana hata moja, kataa, kisha anza upya.

Njia hiyo hiyo hutumika kuwathibitisha watu, na hapo ndipo pana raha yake. Nilimthibitisha mjomba wangu kwa simu, yeye kwake, mimi kwangu.

"Haya mjomba, soma taratibu kuanzia kushoto."

"Kuku, mwavuli, ndizi, ndoano..."

"Ndoano?"

"Ya meli, bwana. Ile wanayoitupa majini."

Nanga. Jogoo, mwavuli, ndizi, nanga, kengele, tembo, baiskeli. Majina mnaweza kutofautiana, picha hazitakiwi kutofautiana. Muhimu ni kuzisomeana kwa sauti mnayotambuana, siyo kuandikiana ndani ya chumba kile kile mnachotaka kukihakiki.

Onyo kubwa kuliko yote humu: ukikwama kwenye uthibitishaji, programu itakupa njia ya kuweka utambulisho upya. Inaonekana kama msaada. Ukiigusa, hifadhi ya zamani ya funguo inaachwa, ujumbe uliokuwa unategemea hifadhi hiyo haufunguki tena, na kila aliyekuwa amekuthibitisha ataona tahadhari kwamba umebadilika. Iguse pale tu ambapo daftari limepotea na hakuna kifaa chako chochote kilichobaki ndani ya akaunti.

Umefaulu ukituma neno "jaribio" kutoka simu kwa mwangalizi mwenzako, na ukalisoma kwenye kompyuta bila tahadhari yoyote.

## Hatua ya 5: Fungua chumba

Sasa, chumba. Uamuzi ni mmoja tu ulio mzito: kisimbwe au kisisimbwe?

Kikundi cha watu mnaojuana, wenye mambo yenu, kisimbwe. Chumba cha wazi ambacho yeyote anaingia, kama cha wafasiri wa programu huria au wapenzi wa redio, kiache wazi. Mtu asiyejulikana akiweza kujiunga na kusoma, usimbaji unakuwa mzigo usiomlinda yeyote, na kila mgeni atakuja kukuuliza kwa nini haoni mazungumzo ya jana. Ukishawasha usimbaji huwezi kuuzima. Itabidi mfungue chumba kingine.

Kisha amua nani aone mazungumzo ya nyuma. Kwa kikundi cha faragha mimi huchagua kuanzia mtu alipoalikwa. Hata hivyo, katika chumba kilichosimbwa msitegemee mwanachama mpya atasoma ya zamani. Funguo za ujumbe ule hazikuwahi kutumwa kwake. Mambo ya kudumu, kama ratiba na namba za michango, yaandikwe upya anapoingia mtu.

Jambo moja watu hulikasirikia wakilijua wamechelewa: kufuta ujumbe ni ombi. Seva yako inafuta na kuziambia nyingine zifute. Seva nyingi hutii. Aliyeusoma ameshausoma.

## Hatua ya 6: Gawa vyeo kabla hujaalika

Matrix hupima madaraka kwa tarakimu. Mwanachama wa kawaida ana 0, msimamizi 50, mwangalizi mkuu 100. Mwenye 50 anaweza kumtoa mtu na kufuta ujumbe wa wengine. Mwenye 100 anabadilisha chochote.

Mpe mwangalizi mwenzako 100, yule aliye kwenye seva nyingine. Kama mkuu ni wewe peke yako na akaunti yako ikapotea, chumba kinabaki na watu ndani lakini hakuna wa kumtoa mtu wa fujo wala wa kubadilisha mpangilio. Nimekiona chumba cha watu zaidi ya 60 kikihamishwa mtu mmoja mmoja kwa sababu hiyo.

Lakini fikiri kabla ya kumpa. Mwenye 100 hawezi kumshusha mwenye 100 mwenzake. Mkigombana, hakuna wa juu yenu. Vilevile ukijishusha mwenyewe kwa bahati mbaya huwezi kujipandisha. Katika vyumba vinavyofuata toleo la 12 la kanuni za vyumba vya Matrix, lililotoka 2025, mwanzilishi amewekwa juu ya wote na hashushwi, kwa hiyo huko chagua vizuri akaunti inayokifungua.

Umefaulu ikiwa mwenzako, kutoka kifaa chake, ameweza kubadilisha mada ya chumba.

## Hatua ya 7: Alika watano, si hamsini

Chukua wachache kwanza. Wapelekee hatua 1 hadi 4 kabla ya mwaliko, na umwulize kila mmoja swali moja: "Ufunguo wako umeandika wapi?" Asiyejibu, bado. Ninajua inaonekana ukali, na kuna dada mmoja aliniambia namchunguza kama afisa uhamiaji. Wiki tatu baadaye simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na ndiye aliyewashauri wengine waandike.

Waambie pia waiondoe programu kwenye orodha ya zile zinazozimwa kuokoa betri. Simu nyingi za bei nafuu huzima chochote kilicho nyuma ya pazia baada ya dakika chache, kisha mtu anasema Matrix haileti taarifa.

## Hatua ya 8: Jaribu kupoteza simu

Hatua hii hairukwi. Kifaa cha pili kikiwa mkononi na daftari mezani, toka kabisa kwenye akaunti yako kwa simu. Futa programu. Ipakue tena. Ingia kwa neno la siri, na ukiulizwa uthibitisho, usitumie kompyuta. Tumia daftari.

Subiri kidogo, maana funguo hushuka polepole bando likiwa dhaifu. Fungua chumba, panda juu hadi ujumbe wa kwanza kabisa.

Umefaulu ukiusoma ule wa kwanza. Ukisoma wa leo tu na wa nyuma umefungwa, hifadhi ya funguo haikuwa imewashwa hatua ya 3. Rudi kwenye kompyuta, ambayo bado ina funguo zote, iwashe, kisha jaribu tena.

Siku simu itakapopotea kweli, ongeza kitu kimoja: kutoka kifaa cha pili fungua orodha ya vifaa na ukiondoe kile kilichoibiwa.

## Ujumbe umefungwa tayari. Ufanye nini?

Kwanza, tazama kilichofungwa kina sura gani. Funguo za chumba hubadilishwa kila baada ya ujumbe 100 au wiki moja, kwa mpangilio wa kawaida. Kwa hiyo ukikosa ufunguo mmoja, hukosi ujumbe mmoja, unakosa pande zima kutoka kwa mtu yule yule. Kama aliyefungika ni Juma tu na wengine unawasoma, tatizo liko kwenye kifaa cha Juma au njia kati yenu. Mwambie afungue programu yake akiwa na mtandao mzuri na kuiacha wazi dakika kadhaa.

Kama ni wote, kifaa chako hakijathibitishwa. Rudi hatua ya 4.

Na kama daftari hakuna, kompyuta hakuna, umebaki na simu mpya tu, jiulize ile ya zamani iko wapi kabla ya kugusa kitufe chochote. Mara nyingi ipo droo ya kabati, au umempa mtoto achezee. Ikiwa hukutoka kwenye akaunti na haijarudishwa hali ya kiwandani, funguo zako bado zimo. Ichaji, iunganishe na intaneti, ingia "Settings", kisha "Encryption", washa hifadhi ya funguo, uandike ufunguo wa kurejesha. Iache imechomekwa chajani usiku kucha zipande zote. Asubuhi uingize ufunguo huo kwenye simu mpya, panda hadi ujumbe wa kwanza, na ukishausoma ndipo mtoto arudishiwe simu yake.